Bubu wa Tanuri la Pili

Nyumbani kwa baba yake aliitwa Msomi, na kiwandani aliitwa Bubu. Ukitaka kujua mtu anafikaje mahali pa kubeba majina mawili yanayokataana namna hiyo, lawama iangukie digrii. Si kwamba digrii yenyewe ilikuwa mbovu. Ilikuwa ya takwimu, ya daraja la pili la juu, na siku alipovishwa joho mdogo wake alipiga kelele uwanjani hadi sauti ikamkauka. Baada ya hapo Msomi aliingia mitaani kutafuta kazi, na huko ndiko alikokiona cha mtema kuni.

Alizijua ofisi za mji ule kwa milango yake: ule unaosukumwa, ule unaovutwa, na ule wenye mlinzi anayekwambia acha bahasha hapa, halafu ukipita kesho yake unaikuta bahasha yako imekaliwa na kikombe cha chai. Kila mahali walitaka uzoefu. Akajitolea kufanya kazi bure ili aupate huo uzoefu, wakamwambia kujitolea hakuhesabiki. Akaomba kazi ndogo, wakamwambia elimu yake ni kubwa mno. Akaomba kubwa, wakamwuliza amewahi kufanya wapi. Ukizungushwa hivyo kwa miaka, unafika mahali unaona haya hata kusalimia watu asubuhi, maana kila salamu inafuatiwa na swali la umepata?

Kiwanda cha mikate kilikuwa kinaajiri mara kwa mara, kwa sababu watu wa tanuri hawadumu. Afisa utumishi, mwanamama wa makamo asiyependa maneno mengi, alitoka mwenyewe langoni na kupita kwenye foleni na swali moja: umesoma mpaka wapi? Ukisema darasa la saba, unaingia. Ukisema kidato cha nne, anakutazama mara mbili, unaingia. Ukisema chuo, anakuomba radhi na kukutoa kwenye foleni. Alikuwa amewachoka wasomi. Wanaingia leo, kesho wanaulizia kiti, keshokutwa wamepata pengine na tanuri limebaki bila mtu. Msomi, kwa ujinga wa mtu aliyelelewa aseme kweli, alisema chuo, tena akafungua na bahasha. Akatolewa mbele ya watu, na jamaa aliyekuwa nyuma yake akamwambia, "Pole, profesa," kisha akasogea kuchukua nafasi yake.

Msimu uliofuata alirudi amefuga ndevu, amevaa kandambili, na mkononi ana cheti cha darasa la saba peke yake. Mwanamama hakumkumbuka. Jioni ile ile alikuwa anasukuma toroli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kinyunya kinatoka kwenye mashine kimeshakatwa, unakipanga kwenye trei, trei unazipanga kwenye toroli, toroli unalisukuma tanurini, na likitoka unavuta trei za moto kwa glavu za turubai zilizotoboka vidoleni. Joto la pale linakupiga usoni hadi kope zinakakamaa. Lakini joto alilizoea. Kilichomtesa ni mdomo wake. Mtu aliyekaa chuo maneno humtoka tu bila kuombwa, na siku za mwanzo Msomi alisema "kwa wastani" mbele ya nyapara. Nyapara wa matanuri, jitu la miraba minne lenye roho nzuri na masikio mazuri zaidi, aligeuka polepole akamtazama. Tangu hapo Msomi alifyata ulimi. Alihesabu trei kwa vidole, akikosea makusudi mara moja moja. Tangazo likibandikwa ukutani alimwuliza mwenzake limesemaje. Wakambatiza Bubu, yule Bubu wa tanuri la pili, na naye akaitika, maana kazi alikuwa nayo hatimaye na hakutaka kuipoteza kwa sababu ya sentensi.

Sasa nyumbani. Baba yake alikuwa mwashi, na magoti yalikuwa yamemwisha kwa kupiga magoti kwenye sakafu za watu. Alijenga nyumba za nusu ya mtaa, na yeye mwenyewe alikuwa anakaa kwenye vyumba viwili vya kupanga. Kiwanja chake cha kwanza alikiuza ili Msomi asome. Cha pili, kidogo, cha mwisho, alikichimbia msingi kwa mikono yake siku za Jumapili, akaujaza mawe, akaishia hapo. Mzee huyu aliamini kabisa kwamba mwanawe ni afisa takwimu kwenye kiwanda cha mikate, kwa sababu mwanawe ndivyo alivyomwambia. Kila Jumapili Msomi alikuja na shati lililonyooshwa na mikate iliyobonyea, ile ambayo wafanyakazi hupewa, na mzee aliigawa kwa majirani akisema, "Kuleni, hii imetoka ofisini kwa mwanangu." Msomi alikuwa anakaa hapo anatabasamu huku moyo unamkatika.

Angeendelea hivyo hivyo, nadhani, mpaka azeeke, kama si Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake, mtoto wa mwisho, na baada ya mama yao kufariki ndiye aliyekuwa anampikia mzee. Alimaliza kidato cha sita akafaulu vizuri sana, na chuo kikampa nafasi ya kusomea uhandisi wa majengo. Binti wa mwashi! Mzee alicheka peke yake siku nzima. Kesho yake kicheko kikakatika, kwa sababu majirani walikuwa wameanza kumtajia vijana wa mtaani wenye digrii wanaoshinda vibarazani wakicheza karata. Mzee akawakatiza.

"Sitaki porojo," aliwaambia. "Ninaye msomi wangu mwenyewe. Akiniambia digrii imemfaa, nauza kiwanja, mtoto aende. Akiniambia haikumfaa, tunajenga, na Kitinda atafute shughuli nyingine."

Basi Jumapili iliyofuata wakamkalisha Msomi na kumwuliza. Akisema ndiyo, anampeleka mdogo wake kwenye ile milango aliyoizunguka yeye, na baba anazeekea kwenye vyumba vya kupanga. Akisema hapana, lazima aeleze kwa nini, na mzee atajua kwamba kiwanja chake cha kwanza kiliishia kwenye trei. Akajiumauma, akasema suala kama hili linahitaji kufikiriwa, wampe hadi Ijumaa. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, chuo kilitaka jibu na dalali alikuwa na mnunuzi asiyependa kusubiri. Mzee alilipenda jibu hilo. Aliona ndivyo wasomi wanavyofanya mambo yao.

Kitinda hakulipenda hata kidogo. Alikesha siku kadhaa roho juu, na Ijumaa asubuhi akaona heri amfuate kaka yake huko huko kazini ambembeleze aseme ndiyo. Akamuaga mzee kwamba anakwenda kazini kwa kaka, akavaa gauni lake la maana na viatu vya kuazima. Alifika langoni akamwambia mlinzi, kwa sauti ya mtu mwenye ndugu mkubwa ndani, kwamba anamtaka kaka yake, afisa takwimu, mwenye digrii. Akataja na majina yote matatu. Mlinzi hakumjua afisa kama huyo, lakini binti alivyokuwa amependeza hakuthubutu kumfukuza, akampeleka utumishi.

Huko tanuri la pili, nyapara alipaza sauti juu ya kelele za mashine.

"Bubu! Unaitwa ofisini. Umemfanya nini yule mama?"

Msomi alikwenda kama alivyokuwa, kofia ya wavu kichwani, unga hadi kwenye kope. Alipofungua mlango alimwona Kitinda amekaa kwenye kiti cha wageni, mkoba magotini. Kitinda naye alimtazama, jinsi anavyotazamwa mtu aliyekuja kuzoa taka, kisha akageuza uso na kuendelea kumsubiri kaka yake.

Katika yote yaliyompata siku ile, hilo ndilo alilolikumbuka zaidi baadaye. Mdogo wake alimtazama usoni na hakumwona.

"Huyu ndiye mwenye majina hayo," afisa utumishi akasema. "Sina mwingine."

Kitinda akageuka tena. Mezani mbele ya mwanamama kulikuwa na simu ya Kitinda, na kwenye kioo chake ile picha ya joho, Msomi hana ndevu, anacheka meno yote nje. Kitinda alikuwa ameionyesha mwenyewe kwa fahari, ili wamtambue kaka yake haraka.

"Kaka?" alisema mwishowe. "Kaka, ni wewe?"

"Nenda ukanisubiri nje," Msomi akamwambia. "Nenda, mdogo wangu."

Walipobaki wawili, mwanamama hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Umenidanganya," alisema.

"Ningekwambia kweli ungenitoa kwenye foleni."

"Hujui hilo."

"Ulinitoa, mama. Nilikuja na bahasha, ukanitoa. Nikarudi na ndevu, ukanichukua. Mtu ni yule yule."

Mwanamama akazitazama ndevu zake. "Sikukumbuki," alisema, na ilionekana kwamba ni kweli na kwamba haikumfurahisha.

Msomi aliona akisubiri zaidi atakosa hata pumzi ya kusema, akamwaga yote. "Nihesabu kama darasa la saba. Hiyo digrii sijaitumia hata siku moja tangu nipewe. Nitairudisha chuoni, nitaichana mbele yako, chochote unachotaka. Uliza kwa nyapara kama nimewahi kuchelewa. Uliza kama nimewahi kuomba kiti."

"Najua hujawahi. Ndiyo maana inaniuma." Alivua miwani akajisugua macho. "Lakini kuna watu kwenye foleni niliowaambia mkidanganya elimu mnatoka. Nimewatoa wengine kwa kuongeza madarasa. Nikikuacha wewe uliyepunguza, nitawaambia nini? Unadhani mimi sina digrii? Ninayo ya sheria. Unafikiri nilisomea kuhesabu kofia za wavu?"

"Basi nipe kazi ya ofisini. Kitu chochote. Hata cha chini."

"Za ofisini zinataka uzoefu."

"Nina miaka humu ndani!"

"Ya trei," alisema mwanamama, kwa upole, na hapo Msomi akajua kwamba yamekwisha.

Alikabidhi aproni na glavu, akavaa shati lake la kutokea. Nyapara, aliposikia, alimkumbatia mbele ya watu wote akamwambia kwamba yeye alijua tangu ile siku ya "kwa wastani", ila aliamua kujitia hamnazo, na ampigie simu siku yoyote akikwama. Wenzake wa tanuri walimtazama kwa macho mageni. Mmoja, aliyekuwa akimsomea matangazo ya ukutani, alikataa kumpa mkono. Huyo ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote kukasirika.

Nje ya ukuta palikuwa na bomba. Msomi alinawa uso, Kitinda amesimama pembeni anashikilia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Wamekufukuza?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yangu mwenyewe," alisema Msomi. "Wewe ulikuja kumtafuta kaka yako. Hilo si kosa."

Kitinda akaanza kulia, akalia kwa sauti pale barabarani, na Msomi akambembeleza ingawa ndiye aliyefukuzwa kazi. Wakatembea. Njiani alimweleza yote kwa mara ya kwanza: milango, bahasha, kujitolea, foleni, ndevu, kuhesabu kwa vidole. Jambo la ajabu ni kwamba kadiri alivyosema ndivyo alivyojiona mwepesi. Alikuwa hana kazi, hana mbele wala nyuma, na bado kifua kilikuwa kinafunguka. Maskini, alidhani ukweli ukishasemwa kazi imekwisha.

"Baba utamwambia nini?" Kitinda aliuliza walipokaribia mtaani kwao. Macho yalikuwa yameshamkauka.

"Nitamwambia kama nilivyokwambia wewe."

"Yote?"

"Yote. Siwezi kumwachia auze kile kiwanja kwa uongo wangu. Ni cha mwisho."

Kitinda akapunguza mwendo. "Na mimi je?"

"Kuna vyuo vya ufundi, kuna kozi fupi. Tutaangalia."

"Mimi na nani tutaangalia, kaka? Wewe sasa hivi huna hata nauli."

Hakulisema kwa ubaya. Lilikuwa tu kweli. Kuanzia hapo Kitinda alitembea nyuma yake hatua kadhaa, na viatu vya kuazima akavivua akavibeba mkononi.

Mzee alikuwa ameketi barazani na dalali, mtu mfupi mwenye koti kubwa na sauti laini. Mzee alifurahi kuona mwanawe amekuja mapema hata kabla ya saa za kazi kwisha. Akamwonyesha stuli. Kitinda akasimama mlangoni.

"Mwanangu, sitaki tukuchoshe," mzee alisema. "Nataka neno moja. Digrii imekufaa au haikukufaa?"

Msomi akapiga moyo konde. "Haikunifaa, baba."

Mzee alisubiri kama mtu anayejua mzaha bado una sehemu ya pili.

"Mimi si afisa," Msomi akaendelea. "Sijawahi kuwa afisa. Kule kiwandani nilikuwa napanga trei kwenye tanuri, na nilipata kazi hiyo kwa kuificha digrii. Leo wamenifukuza baada ya kuijua. Nilikudanganya miaka yote hii kwa sababu niliona aibu, baba. Uliuza kiwanja kwa ajili yangu."

Mzee alicheka kidogo. Halafu akaacha kucheka. Msomi akafungua vifungo, akakunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko. Kuanzia vifundoni kupanda juu palikuwa na mistari ya makovu, mingine meusi, mingine bado ya waridi, alama za kingo za trei.

"Hayo si ya lile jiko la mafuta?" mzee aliuliza. "Uliniambia lililipuka. Nikakuletea dawa mimi mwenyewe, kwa miguu hii."

"Nilikudanganya."

"Basi sasa mimi nijue vipi? Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

Dalali akakohoa. "Mzee, mimi simo," alisema kwa ile sauti yake laini. "Mambo ya familia ni ya familia. Ila katika kazi yangu nimeona vijana wengi wa kiume wakipatwa na shida ghafla, siku ile ile kiwanja cha baba kinapouzwa."

Lilikuwa neno la sumu, na lilipenya. Msomi aliliona likizama usoni mwa baba yake. Mzee alikuwa anakumbuka. Alikumbuka jinsi mwanawe alivyopita juu ya ule msingi, akapima kwa hatua akasema chumba changu kitakuwa hiki cha mbele. Alikumbuka alivyoomba muda wa kufikiri. Nani anaomba siku tano nzima kufikiri kama ana trei mikononi? Mtu anaomba muda ili apange maneno yake.

"Kile kiwanja unakitaka," mzee akasema.

"Baba, sikitaki. Nataka usikipoteze."

"Ni kitu kimoja hicho." Akageuka kwa shida kwenye kiti, akamwangalia binti yake mlangoni. "Wewe umetoka kazini kwake leo. Usiniogope, wala usimwogope yeye. Umemkuta anafanya nini?"

Msomi alitulia kabisa. Hakuwa na wasiwasi tena. Shahidi yupo, ameona kwa macho yake, amelia kwa machozi yake. Aligeuka kumtazama Kitinda ampe moyo, na Kitinda hakumtazama.

"Nimemkuta ofisini, baba," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. Akaipandisha. "Ana meza yake. Ana kompyuta. Watu wanamwita mkuu, na mlinzi alinipigia saluti niliposema mimi ni mdogo wake."

Jirani wa chumba cha pili alikuwa anasugua sufuria, na walisikia kila msuguo.

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Msomi aliitoa. Namba ya nyapara ilikuwa pale juu kabisa. Angeibonyeza, angeweka sauti ya juu, na ile sauti nzito ingesikika barazani ikisema, Bubu, ndugu yangu, vipi hali? Mchezo ungeishia hapo. Dalali angekunja koti lake akaondoka. Msingi ungebaki, na labda mwakani ungepata ukuta mmoja.

Sasa Kitinda alimtazama. Alikuwa ameiona simu na alikisia kwamba anataka kumpigia mtu wa kiwandani. Hakuwa na sura ya mtu mbaya. Alikuwa na sura ya mtu anayezama, ambaye ameshika kitu cha kwanza kilichopita karibu na hawezi kukiachia, hata akijua kwamba ni shingo ya ndugu yake. Alikuwa ameona yote leo, unga, kofia, ofisi, akasikia na habari za milango njia nzima, na bado alitaka kwenda. Aliamini kwake itakuwa tofauti. Msomi alimpenda na alimkasirikia, yote mawili kwa pamoja. Na aibu yake kubwa ni kwamba alimwelewa. Mtu angekuja kumwambia yeye maneno haya, siku ile ya kupata barua ya chuo, angemwona mchawi.

Akairudisha simu mfukoni.

"Ni kweli, baba," alisema. "Nilikitaka kiwanja. Nisamehe."

Kitinda akaziba mdomo kwa kiganja.

Mzee alijisugua goti. Alipoanza kusema Msomi alitegemea matusi, akainamisha kichwa kuyapokea, lakini mzee hakutukana. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeumizwa na aliyejivunia kitu papo hapo.

"Umeona?" alimwambia Kitinda. "Amekosa, amekiri. Sisi tusiosoma tungepigana hapa mpaka jioni. Ndiyo maana nataka usome." Akamgeukia dalali. "Mwite mtu wako."

Dalali alikuwa ameshashika simu sikioni kabla mzee hajamaliza.

"Na wewe," mzee akamwambia Msomi, "nakusamehe, lakini bure hapana. Kiwanja kitalipia ada tu. Chumba cha mwenzio cha kukaa huko chuoni, chakula chake, vitabu vyake, utavilipa wewe kwa mshahara wako wa ofisini, mwezi kwa mwezi, mpaka amalize. Na ukikosa hata mwezi mmoja nitakuja mwenyewe huko kiwandani kumwona bosi wako. Tumeelewana?"

Kitinda alifungua mdomo. Msomi alimwona anataka kusema, akamtazama kwa ukali hadi akaufunga.

"Tumeelewana, baba," alisema, akashusha mikono ya shati na kuanza kufunga vifungo.